Sura ya 6: Ndege Ni Ile Ile, Mtihani wa Nini Tena?

Ukishajulikana kuwa unaandika habari za usafiri wa anga, kuna swali halikupiti. Wazazi wanaosomesha vijana urubani wanaliuliza, mashemeji wanaliuliza kwenye harusi, na mara nyingi huja na mfano wake kabisa. Kijana wa jirani amerusha Boeing 737 Nairobi miaka sita. Kapata kazi Dubai, kwenye shirika lenye 737 hizo hizo. Mbona anaambiwa asubiri miezi, apimwe afya upya, afanye mtihani wa sheria, kisha aingizwe kwenye simuleta akajaribiwe kama mwanafunzi? Kwani Boeing ya Waarabu ina usukani upande wa pili?

Haina. Vyombo vitakuwa palepale alipovizoea. Kilichobadilika ni serikali itakayoulizwa ndege hiyo ikianguka. Karibu kila kitu katika sura hii kinatokana na hapo, na asiyelijua hilo ataona kila hatua ni usumbufu wa makarani. Kuna hatua nyingine ni usumbufu wa makarani kweli, nazo tutazifikia.

## Tazama mkiani

Siku ukiwa uwanja wa Julius Nyerere au Jomo Kenyatta, tazama maandishi yaliyo upande wa mkia wa kila ndege. Ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Y, ya Uganda 5X, ya Rwanda 9XR. Ya Falme za Kiarabu huanza na A6, ya Qatar A7, ya Oman A4O, ya Uingereza G, ya Marekani N. Huo ndio uraia wa ndege, na ndege haiwi na uraia wa nchi mbili.

Utaratibu huu ulitiwa saini Chicago tarehe 7 Desemba 1944 na mataifa 52, vita ikiwa bado inapiganwa. Mkataba huo ndio ulioizaa ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lenye makao yake Montreal, ambalo leo lina nchi wanachama 193. Kifungu chake cha 32 kinasema rubani wa ndege inayosafiri kimataifa lazima awe na leseni iliyotolewa, au iliyothibitishwa, na nchi ilikosajiliwa ndege anayoirusha.

Dereva wa Arusha akivuka Namanga, askari wa Kenya anatazama leseni yake na kumwachia aende; hashughuliki sana na gari limesajiliwa wapi. Angani mambo yamegeuzwa. Rubani Mkenya anaweza kuwa na makazi Muscat na kulipwa kwa riali, lakini ndege ikiwa na 5Y mkiani, leseni ya Kenya inamtosha. Akihamia ndege ya jirani yake pale pale uwanjani, yenye A4O mkiani, leseni ile ile haimtoshi hata kuiondoa ndege kwenye maegesho.

Watu wengi, hata baadhi ya wanafunzi wa urubani, hukichanganya kifungu hicho na cha 33, kinachosema nchi wanachama watambue leseni za wenzao zikifikia viwango vya chini vilivyokubaliwa. Maana yake ni kwamba Mkenya akitua Paris na ndege ya Kenya, Mfaransa hana haki ya kumtahini upya. Hakimpi Mkenya ruhusa ya kurusha ndege ya Mfaransa.

Kuna upenyo mmoja. Mashirika mengi hukodi ndege zilizosajiliwa kwingine, hasa Ireland, ambako kampuni nyingi za kukodisha ndege zina ofisi. Kifungu cha 83 bis, kilichoanza kutumika mwaka 1997, kinaziruhusu nchi mbili zipatane ili nchi ya mkodishaji ikabidhi baadhi ya majukumu yake, pamoja na hili la leseni, kwa nchi ya mwenye kukodi. Ndiyo maana unaweza kuona ndege yenye herufi za kigeni ikirushwa na marubani wa nyumbani, bila mtu kuvunja sheria.

## Karatasi yenyewe

Leseni ya rubani ina vipengele vilivyopewa namba za Kirumi, na namba hizo ni zile zile popote. Namba ya kwanza ni jina la nchi. Ya pili ni aina ya leseni, ya nne ni jina la mwenyewe. Ofisa wa leseni, awe Dubai au Johannesburg, akishaona jina anashuka moja kwa moja hadi XII na XIII, kwa sababu huko ndiko kazi ya rubani inakoonekana.

Kipengele cha XII kina sifa zilizoongezwa juu ya leseni. Muhimu kuliko zote ni sifa ya aina ya ndege, ambayo marubani wenyewe huiita taipu reitingi: ruhusa ya kurusha ndege fulani iliyotajwa kwa jina. Leseni inasema wewe ni rubani wa kiwango gani, na reitingi inasema unaruhusiwa kushika ndege ipi. Kipengele cha XIII kina maelezo ya ziada, kikiwemo kiwango cha Kiingereza, kwa kuwa kila rubani wa kimataifa lazima apimwe lugha ya redio. Daraja la 4 ndilo la chini linalokubalika, na ICAO inashauri mwenye nalo apimwe tena kila miaka 3. Wa daraja la 5 hupimwa kila miaka 6, na wa daraja la 6 hasumbuliwi tena.

Kuhusu leseni zenyewe, zinazotuhusu ni mbili. Ya biashara humruhusu mtu kulipwa kwa kurusha ndege. Kiwango cha chini cha ICAO ni umri wa miaka 18 na saa 200 angani, au 150 akiwa amesoma kwenye chuo kilichoidhinishwa. Ya juu kabisa ni ya usafirishaji wa abiria wa mashirika, ile ambayo kapteni wa ndege kubwa hawezi kuikosa: miaka 21 na saa 1,500. Hivyo ni viwango vya chini, na nchi yoyote inaruhusiwa kuvipandisha. Marekani, baada ya ajali ya ndege ya shirika la Colgan karibu na Buffalo mwaka 2009, iliamua hata rubani msaidizi wa shirika la abiria awe na leseni ya juu, na wengi wao hawaipati bila saa hizo 1,500. Kijana anayekaa kiti cha kulia cha ndege ya abiria Dar es Salaam akiwa na saa 300, leseni yake ni halali kabisa nyumbani, ila Marekani kazi ile ile haimfikii.

## Njia mbili za kuvuka

Rubani anayehama ana njia mbili, na majina yake yanachanganywa sana.

- Kuthibitishiwa leseni. Nchi mpya inaiacha leseni yako kama ilivyo, inakupa karatasi inayosema inaikubali. Karatasi hiyo haiwezi kuishi kuliko leseni yenyewe. Ya nyumbani ikiisha muda au ikisimamishwa, nayo imekufa siku hiyo hiyo. Inafaa kwa kazi ya muda, au kwa miezi ya mwanzo.
- Kubadilishiwa leseni. Nchi mpya inakuandikia leseni yake yenyewe. Hapo unakuwa mtu wao, kwa hiyo wanakukagua kama mtu wao: afya kwa daktari waliyemteua wao, sheria ya anga ya kwao, na mara nyingi mitihani zaidi.

Ulaya ndiko mlima ulikosimama wima. Nchi za Umoja wa Ulaya, pamoja na Norway, Iceland, Uswisi na Liechtenstein, ziko chini ya wakala mmoja wa usalama wa anga, EASA, na leseni ya mojawapo inatumika zote. Mgeni anayetaka leseni hiyo ya juu, hata akiwa kapteni wa miaka 20, anakalia mitihani 13 ya nadharia: sheria, hali ya hewa, uongozaji wa njia, uzito na mizani, injini, mwili wa binadamu na mengineyo, kila karatasi kwa alama zisizopungua 75 kwa 100. Nimewaona makapteni wenye mvi wakikariri aina za mawingu usiku hotelini. Naliona hilo kuwa la kupita kiasi. Mtu aliyekwepa radi za Ziwa Viktoria nusu ya maisha yake hakosi kujua wingu ni nini.

Kwa ufupi hadi hapa: mkia wa ndege ndio unaoamua leseni ipi inatakiwa, kuthibitishiwa ni kuazima, kubadilishiwa ni kumiliki, na leseni ni kitu kimoja, reitingi ni kingine.

## Reitingi inahamaje?

Sasa turudi kwa kijana wa 737. Leseni imekubaliwa, vipi ile ruhusa ya ndege yenyewe?

Nchi mpya huuliza mambo matatu. Je, reitingi iko hai? Je, umeirusha ndege hiyo kiasi cha kutosha? Je, unaweza kuonyesha mbele ya mtahini wetu?

Swali la kwanza lina mtego. Ulaya reitingi hudumu mwaka 1, na tarehe ya mwisho imeandikwa wazi. Marekani leseni ni kadi ya plastiki yenye picha za ndugu wawili wa Wright, na reitingi zilizoorodheshwa humo hazina tarehe ya kuisha. Mtu anaweza kuwa na jina la ndege aliyoigusa mara ya mwisho miaka 10 iliyopita, likang'aa kama la jana. Ofisa anayejua kazi yake hadanganywi na kadi. Anadai rekodi ya jaribio la mwisho la umahiri, lile ambalo rubani wa shirika hulifanya mara mbili kwa mwaka, na anafungua logibuku, daftari ambamo rubani huandika kila safari na saa zake.

Swali la pili ni la saa. Ulaya, mgeni anayetaka reitingi yake ya ndege kubwa iingizwe kwenye leseni yao anatakiwa awe na saa 500 kwenye aina hiyo hiyo. Mwenye 480 anaambiwa pole, akasome kozi nzima, na kozi ya ndege kubwa ni makumi ya maelfu ya dola.

La tatu linajibiwa kwenye simuleta: chumba cha marubani kilichowekwa juu ya miguu ya haidroli, kinachoinama na kutikisika kama ndege yenyewe. Mtahini anakaa nyuma na kioo chake cha kugusa. Ndege ikifika kasi ambayo haiwezekani tena kusimama ndani ya barabara, anazima injini moja. Pua inavutwa upande wa injini iliyokufa, rubani anaisukuma irudi kwa mguu, anapaa, anasoma orodha ya dharura na mwenzake, anarudi kutua kwa injini moja, na njiani anaambiwa barabara imefungwa apae tena. Aliyefanya zoezi hilo miezi 4 iliyopita Nairobi atalifanya tena bila shida. Ila mtahini wa Nairobi hakusaini kwa niaba ya Dubai.

Kisha kuna jambo ambalo wasiokuwa kwenye kazi hawalijui: mara nyingi reitingi haihamishwi kabisa. Rubani wa Q400 wa Dar es Salaam akiajiriwa na shirika kubwa la Ghuba, kule hakuna Q400. Kinachohesabiwa ni saa zake, leseni yake na rekodi yake. Reitingi ya Boeing 777 ataisomea huko huko, kwa fedha ya mwajiri, akiwa amefungwa na mkataba wa miaka kadhaa. Na hata yule wa 737 anayekwenda kwenye 737 atapitishwa kozi ya shirika, maana kila shirika lina taratibu zake za nani anasema nini na lini, kisha atarusha na mkufunzi pembeni kabla ya kuachiwa.

## Jina moja, ndege mbili

Reitingi moja inaweza kubeba ndege kadhaa. Mwenye A320 kwenye leseni ana ruhusa pia ya A318, A319 na A321. Boeing 757 na 767 ziliundwa pamoja ili rubani wa moja aihamie nyingine kwa mafunzo mafupi. Mashirika hulipenda hilo, kwani rubani mmoja anapangiwa ndege nyingi.

Mpango huo una upande wake wa giza. Boeing 737 MAX iliingia sokoni chini ya reitingi ile ile ya 737, na marubani wengi waliijifunza kwa somo fupi la kwenye kompyuta, bila simuleta. Ndani yake kulikuwa na mfumo mpya uliosukuma pua chini kwa kufuata kihisio kimoja tu, na marubani hawakuwa wameelezwa habari zake. Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka baharini Indonesia, watu 189 wakafa. Tarehe 10 Machi 2019 ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa ikija Nairobi, ilianguka dakika chache baada ya kupaa Addis Ababa. Walikufa watu 157, wakiwemo Wakenya 32. Ndege hizo ziliporuhusiwa tena, simuleta ikawa lazima. Jina kwenye kipengele cha XII lilikuwa sahihi siku zote hizo. Kwa hiyo mamlaka ikimuuliza mgeni ni 737 ipi hasa aliyorusha, na lini alisomea tofauti zake, asidhani anaonewa.

## Barua inayongojwa kuliko mshahara

Kati ya karatasi zote, inayochelewesha watu ni barua ya uhakiki. Kanuni za ICAO zinasema nchi isithibitishe leseni ya kigeni kwa kazi ya biashara bila kwanza kuuliza ilikotoka: je, mliitoa ninyi, na bado ni halali? Mamlaka ya nchi mpya inaiandikia ya zamani moja kwa moja. Rubani haruhusiwi kuibeba mkononi.

Sababu zipo. Machi 2010 rubani mmoja wa Uswidi alishushwa kutoka kwenye Boeing 737 uwanja wa Schiphol, Amsterdam, ndege ikiwa tayari kuondoka na abiria. Alikuwa amerusha ndege za mashirika ya Ulaya kwa takriban miaka 13 kwa leseni isiyostahili. Kurusha alikuwa anajua, na simuleta alizipita. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika barua kwa wakati na kungoja jibu.

Kisa cha Pakistan ni kizito zaidi, kwa kuwa humo aliyetiliwa shaka ni mwenye kutoa leseni. Juni 2020, wiki chache baada ya ndege ya PIA, shirika la ndege la taifa hilo, kuanguka Karachi, waziri wa usafiri wa anga aliliambia bunge kwamba marubani 262 kati ya 860 wa nchi hiyo walikuwa na leseni zenye mashaka, wengine wakidaiwa kufanyiwa mitihani na watu wengine. Vietnam na Malaysia zikawasimamisha marubani wenye leseni za Pakistan. EASA ikaifungia PIA, na haikuifungulia hadi Novemba 2024. Wengi wa waliokuwa wameajiriwa nje walikuja kuonekana leseni zao ni safi, lakini tayari walikuwa wamekaa nyumbani bila kazi kwa kosa lisilo lao. Mtu anaweza kuwa rubani hodari maisha yake yote, na bado thamani ya karatasi yake ikashuka kwa sababu ya ofisi iliyoigonga muhuri.

Hapa Watanzania huniuliza habari ya orodha ya Ulaya. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yaliyozuiwa kuruka anga yake, na Juni 2025 ukayaongeza mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Orodha hiyo inazuia mashirika; haifuti leseni ya rubani yeyote. Ila usitarajie ofisa wa Ulaya anayesoma faili lako asahau kuwa ipo.

## Leseni ikigeuka ya kigeni usiku mmoja

Wakati mwingine rubani hahami, mpaka ndio unaohama. Saa tano usiku ya tarehe 31 Desemba 2020 Uingereza ilitoka rasmi kwenye mfumo wa EASA. Leseni ya London, iliyokuwa inatumika Madrid na Athens, ikawa karatasi ya nchi ya nje. Waliokuwa macho walihamisha mafaili yao mapema kwenda Ireland, Austria na kwingineko. Waliochelewa waliambiwa sawa na Mkenya au Mbrazili: mitihani 13. Uingereza kwa upande wake iliendelea kuzitambua leseni za Ulaya kwenye ndege zake hadi mwisho wa 2022. Ulaya haikurudisha fadhila.

Sisi tuliyapitia hayo zamani. Tangu 1948 Afrika Mashariki ilikuwa na kurugenzi moja ya usafiri wa anga, na East African Airways iliruka kwa ajili ya nchi zote tatu tangu 1946. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikaunda mamlaka yake. Jumuiya ya sasa ilianzisha mwaka 2007 wakala wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao yake Entebbe, na kanuni za nchi wanachama zimesogezwa zifanane. Leseni lakini bado kila nchi inaandika yake. Rubani wa Mwanza na rubani wa Kisumu, wanaoruka juu ya ziwa moja na kusoma kanuni zinazofanana, bado wanahitaji karatasi ili kubadilishana ndege.

## Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Kwa kijana aliyepata nafasi nje, haya yafanywe angali kwenye ajira ya zamani:

- Fanya jaribio la umahiri karibu na siku ya kuondoka, ili reitingi ifike ikiwa na miezi mingi mbele.
- Hakikisha umepaa na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90. Ukivuka hapo, utatakiwa uifikie tena idadi hiyo ya kupaa na kutua kabla ya kubeba abiria.
- Jumlisha logibuku na uigonge muhuri wa shirika ukurasa kwa ukurasa. Kumfuata mkuu wa marubani baada ya kuachana vibaya ni kazi bure.
- Uliza kwa maandishi: mnanithibitishia au mnanibadilishia leseni? Nani analipa? Ikikwama, mshahara unaanza lini?

Na kwa wakuu wa mamlaka zetu nina ombi moja. Ombi la uhakiki likiingia kutoka Dubai, Doha au Kigali, lijibiwe ndani ya wiki, na rubani apewe namba ya kulifuatilia faili lake. Taarifa zote mnazo, na kijana anayengoja barua hiyo tayari ameshaacha kazi ya nyumbani.